Tope Lililokataliwa Kiwandani

Kwa miaka sita Syovata Muange alikausha tope la choo la hoteli moja kubwa ya Diani. Majitaka yakishasafishwa, tope lililobaki lilimwagwa kwenye majaruba nyuma ya hoteli, naye akaligeuza kwa beleshi juani mpaka likapasuka kama udongo mkavu. Watu wa Ukunda walimcheka. Siku aliposikia kuwa kiwanda cha saruji kimekubali kulijaribu tope hilo, lichanganywe na mawe ya chokaa na kuchomwa tanurini, aliwajibu: "Mtalala kwenye nyumba za jasho langu."

Oktoba ya mwaka wa tisini na saba mvua ilianza, isikatike. Majaruba yakafurika. Msimamizi wake, Bwana Kahindi, akaamuru lori lipakiwe vivyo hivyo.

"Halijakauka, bwana," Syovata alimwambia. "Bado lina maradhi ndani yake. Kiwandani watalirudisha."

"Kazi yako ni kupakia."

Akapakia. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote.

Siku ya tatu Biasha, jirani yake muuza vitumbua, alimjia na ndoo ya maji yanayonuka. Mwanawe na mavyaa wake, mamake mumewe, walikuwa wamelazwa hospitali ya Msambweni, wanaharisha.

"Njoo ujionee mwenyewe," Biasha alisema, na hakumsalimu.

Rundo jeusi lilikuwa hatua kumi kutoka kisima cha mtaa wao, mvua ikilichuruza. Syovata alilitambua hata kabla hajalifikia. Alimtafuta Chirau, dereva wa lori, naye hakuficha: kiwanda kilikataa tope bichi, akampigia simu Kahindi, akaambiwa alimwage popote.

Kahindi alimsikiliza Syovata huku akinywa chai.

"Mvua imeleta matope kila mahali, mama. Na kama ni letu, aliyelipakia nani?"

Syovata alichukua mkokoteni wa hoteli na mabeleshi manne, akarudi kisimani. Wanawake wa pale walikuwa wameshakusanyika, na hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Walijaza, wakasukuma kwa barabara kuu, wakapita getini walinzi wakiziba pua, wakalimwaga kwenye ngazi za mlango wa mbele, wageni waliovaa kaptula wakitazama.

Meneja mkuu alitoka mbio. "Mama, tafadhali! Hapa pana wageni!"

"Ni lao hili!" Syovata alipaza sauti. "Kule kisimani pana watoto. Mbona kule hamkukimbia?"

Alasiri ile ile hoteli ilipeleka lori kuzoa rundo lililobaki, na gari la maji safi. Kisima kilikaushwa, kikatiwa dawa. Mwana wa Biasha na bibi yake walipona. Kahindi alihamishiwa hoteli nyingine, kwa cheo kile kile. Syovata alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa kuchafua hoteli.

Kiwanda nacho kilijitoa katika jaribio lile, na tope likawa linafukiwa shimoni. Biasha alimletea Syovata habari hizo, akamkuta akipalilia mihogo katika shamba la babake. Syovata alilitupa jembe chini.

"Tope langu halikuwa na kosa!" alimwambia. "Lilitaka jua la wiki mbili tu. Wiki mbili! Sasa wanasema uchafu hauwezi kuwa saruji, na mimi najua unaweza."