Mama Growing

Ukifika Nduguti ukaulizia chai ya asubuhi, utaelekezwa kwa Mama Growing, nyuma ya ofisi mpya za serikali. Jina lake hasa ni Eliana Filipo. Hilo jingine limetoka kwangu, mwalimu wake wa kemia, na sijivunii hata kidogo.

Eliana aliingia kidato cha kwanza akiwa ameongoza shule yao ya msingi. Sayansi alikuwa ameisoma kwa Kiswahili na ilimkaa kichwani. Alijua usanisinuru, alijua mmeng'enyo wa chakula, na alikuwa na ugonjwa mmoja: akiambiwa jambo, lazima aulize kwa nini. Mdogo wake alifariki baada ya kutibiwa malaria wiki tatu, kumbe haikuwa malaria. Zahanati ilikuwa na hadubini, ila mtu wa kuitumia hakuwepo. Tangu hapo Eliana alisema atakuwa fundi sanifu wa maabara. Alimwambia kila aliyemuuliza, na wengi ambao hawakumuuliza.

Shule yetu haikuwa na maabara. Ilikuwa na kitabu kimoja cha kemia, nacho nilikaa nacho mimi. Nilisoma kwa sauti, wanafunzi arobaini na saba wakaandika walichosikia. Sasa, sisi Wanyiramba na herufi L na R tuna mambo yetu. Hata jina la kabila hatujaelewana: kuna wanaotuandika Wanyiramba, kuna wanaotuandika Wanilamba, na wote tunawaitikia. Ulimi wangu ukikutana na herufi hizo mbili hauniombi ruhusa.

Kitabu kilisema gesi ya oksijeni hutambuliwa kwa "glowing splint", yaani kijiti kilichozimwa kikabaki na kaa jekundu. Ukikiingiza kwenye gesi, kinawaka tena. Mimi nikasoma "growing splint". Kijiti kinachokua! Na madaftari arobaini na saba yakaandikwa hivyo.

Eliana akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kijiti kikavu kinakuaje?"

Nilitazama kitabu, nikaiona L imekaa pale inanicheka. Nilijua papo hapo. Ningesema tu kwamba nimekosea, futeni, andikeni hivi, na somo lingeendelea. Lakini mimi niliyewahubiria kila Jumatatu kwamba mficha uchi hazai, siku hiyo niliuficha wangu. Niliona aibu mbele ya watoto.

Bahati yangu, aliuliza kwa Kiswahili. Shuleni kwetu aliyeongea Kiswahili darasani alivishwa mfupa, mfupa wa mguu wa ng'ombe uliotobolewa na kufungwa kamba ya katani. Unauvaa shingoni mpaka apatikane mkosaji mwingine. Nilimvisha Eliana, nikawaambia wenzake wamcheke, wakamcheka kwa bidii. Mfupa ulikaa shingoni mwake siku tisa, maana siku zote hizo nilijifanya sisikii Kiswahili cha mtu mwingine yeyote.

Hakuuliza tena. Alikariri daftari lile nukta kwa nukta. Mama yake aliniambia baadaye kwamba jioni alikuwa akikaa jikoni anawasha vijiti, anavizima, anavipuliza, mpaka akagundua mwenyewe ni kijiti gani kinachoweza kuwaka tena. Jambo lenyewe alilielewa. Alichokosa ni neno, na neno lilikuwa kwangu.

Alipomaliza kidato cha nne, shirika moja lilitoa nafasi moja kwa wilaya nzima: kusomea maabara ya afya, ada na malazi juu yao. Eliana aliitwa kwenye usaili Singida Mjini. Nilimsindikiza kama mwalimu wake, akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyompwaya. Nikaruhusiwa kukaa kwenye kiti cha nyuma. Wasaili walikuwa watatu, na swali la kwanza likaja kwa Kiingereza: oksijeni utaitambuaje?

Eliana alisimama wima akatiririka bila kukwama: "A growing splint is put into the gas..."

"Growing?" mama mmoja msaili akamkatisha. "Binti, kwani unakipanda wapi? Unakimwagilia na maji?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha, nilicheka kwa sauti ili wajue kwamba huyu si wangu.

Eliana aligeuka akanitazama, kisha akawarudia wao. "Naomba kiberiti na kijiti, niwaonyeshe."

"English, please."

"Kijiti kikiwa na kaa..."

"English!"

Yule mama akaweka kalamu chini. "Nani amekufundisha hivi?"



"Nimekosea mwenyewe," Eliana akasema.

Nafasi ilikwenda kwa mwingine. Nami badala ya kujifungia ndani na aibu yangu, niliipeleka stori ile ofisi ya walimu, nikaisimulia kwa mbwembwe, mpaka Mwalimu Antipasi akapaliwa na chai. Kufikia Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kinamwita Growing. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, akawa Mama Growing.

Mwezi uliopita nilikwenda kunywa chai kwake. Mafundi ujenzi walikuwa wamejaa kwenye benchi. Moto ulikuwa umefifia. Eliana alichomoa kijiti chenye kaa jekundu, akakipuliza taratibu, kikawaka. Akakizima, akakisogeza mbele ya uso wangu na kaa lake.

"Shikamoo, mwalimu. Hivi hiki kwa Kiingereza kinaitwaje?"

Mafundi wakatugeukia. Kwa miaka kumi nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo, ncha ya ulimi juu, nyuma ya meno. Nilitaka nimpe hilo neno lake, angalau hilo, mbele za watu. Nikajikaza, nikafungua mdomo.

"Growing," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Eliana alikirudisha kijiti chini ya sufuria.

"Ndivyo nilivyowajibu hata mimi, mwalimu," akasema, akanimiminia chai.