Kengele ya Mbwa kwenye Njia ya Reli

Mume wangu huwaambia watu kwamba tulijuana siku aliponigonga kwa baiskeli. Watoto wetu wamekua na hadithi hiyo, na sasa wajukuu wanaidai kila jioni ya mvua. Mimi huwaacha wacheke kwanza, kisha nasahihisha. Hakunigonga. Mimi ndiye niliyebaki njiani nimesimama wima, beseni la mihogo kichwani. Yeye ndiye aliyeingia kwenye matope na baiskeli yake, gunia lake na hasira zake zote. Mtu aliyeanguka peke yake hana haki ya kusema amegonga mtu.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ya kwenda Kibombo ilikuwa imenyamaza, magari hayakuonekana, na nyasi zilikuwa zimefunika reli mpaka ukalazimika kuitafuta kwa mguu. Pembeni mwake ilibaki njia nyembamba inayotoka kwetu Mikelenge, mtaa wa Kindu, kuelekea kusini, na karibu kila kitu tulichokula kilipita humo: mchele, mawese, samaki wa moshi, chumvi. Siku ambazo wenye bunduki walikubali watu wapite, tulipita sote kwa pamoja. Sisi wa miguu, wenye baiskeli waliosukuma mizigo iliyowazidi kimo, na wawindaji na mbwa wao.

Njia ile haikuwa na polisi, lakini ilikuwa na adabu yake. Asiye na mzigo alimpisha mwenye mzigo. Wote wakiwa na mizigo, anayeshuka alimpisha anayepanda. Na ukimpisha mtu wa baiskeli penye mlima, hukusimama kwenye majani ukatazama mgongo wake. Uliweka mkono kwenye gunia lake ukamsukuma mpaka juu, hata kama humjui, hata kama jana mlitukanana. Naye alisema asante bila kugeuka, maana akigeuka mzigo ungemrudisha chini.

Mbwa hawakuhesabiwa katika adabu hiyo. Mbwa wa msitu wetu si wa kubweka, kwa hiyo mwindaji humfunga kengele ya mti shingoni, apate kujua alipo akiwa ndani ya vichaka. Ukisikia kengele ile nyuma yako, kok-kok-kok, uliendelea kutembea katikati ya njia. Mbwa angejipitia mwenyewe.

Sasa huyu bwana, ambaye wakati huo hakuwa mume wa mtu, alikuwa akichukua chumvi upande wa Lubutu, ng'ambo ya mto, na kuishusha huku kwetu hadi Kibombo kwa baiskeli. Alikuwa na kengele nzuri ya chuma, na mpaka leo anaizungumzia kwa huzuni ambayo sijawahi kumsikia akiizungumzia ndoa. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana aliupenda mlio wake. Akaifungua, akaondoka nayo akiipiga. Baiskeli hakuitaka, chumvi hakuitazama. Mjomba wa huyu bwana, mwindaji, alipomwona anavyosikitika, akamvua mbwa mmoja kengele ya mti na kuifunga kwenye usukani wa baiskeli.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwa sababu yeye aliamini kwamba kengele ni kengele. Kutoka huko hadi mtoni hakuna mtu aliyempisha. Alipiga, watu wakazidi kutembea taratibu. Alipovuka mto na kufika Kindu alikuwa ameshakata shauri kwamba watu wa hapa wana kiburi kisicho na dawa.

Asubuhi yake nilikuwa nashuka na mama yangu kwenye kilima cha njia ya reli kinachoelekea kijitoni, tunapeleka mihogo kuloweka. Kengele ikalia nyuma yangu. Nikafikiri: mbwa. Ikalia kwa nguvu. Nikafikiri: mbwa mwenye haraka. Kisha nikasikia mtu anapiga kelele, upepo ukanipita ubavuni, na mbele yangu, pale kijito kinapotandaa matope, nikaona gurudumu linazunguka juu.

"We mama! Hausikie kengele?" alisema akiwa bado amekaa chini.

"Nilisikia mbwa," nikamjibu. Beseni sikulishusha.

"Mbwa wapi? Hii njo kinga!" Baiskeli kwetu ni kinga.

"Kama njo kinga, sababu gani inalia sawa mbwa?"

Alifungua mdomo anijibu. Akaitazama kengele yake. Mama yangu alicheka mpaka akashika mti. Lakini yule kijana aligeuka akaona gunia lake limepasuka, chumvi imelala kwenye matope inaanza kuyeyuka, akaanza kuizoa kwa viganja. Siku zile kulikuwa na nyumba zilizosahau kabisa ladha ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, yenye chumvi, na mama alikoma kucheka.

"Tusiache chumvi ifie mu matope," alisema. "Mwaga ile mihogo, ulete beseni."

Tukachota matope yote yenye chumvi, tukayabeba hadi nyumbani. Mama akayachuja kwa maji kwenye kikapu, jinsi bibi zake walivyokuwa wakichuja majivu ya majani ya mtoni ili wapate chumvi, kisha akayachemsha maji yale polepole. Ilitoka chumvi ya rangi ya chai ya maziwa. Ilikauka kwa kujivuta, kwa kuwa mvua haikutaka kukatika, na mwenyewe akaingoja nyumbani kwetu. Alilala kwa baba yangu mdogo, akala kwetu, na akasema sana. Huko Kibombo, nilikuja kusikia, aliwauzia watu akiwaambia ni chumvi ya zamani, ile ya mababu. Si uongo mkubwa. Safari iliyofuata alipitia kwetu tena, ingawa nyumba yetu haikuwa njiani.

Ili anioe alisilimu. Aliacha malafu, pombe ya mchikichi, akaacha nguruwe wa pori, akaacha nyani wa kuchoma ambaye najua alimpenda. Mbwa ndiye aliyemshinda. Kila akifa mmoja, anatokea mwingine mwembamba, mwekundu, mkia umejikunja, amelala mwisho wa kiwanja chetu na kunitazama. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo pua ya mbwa haigusi mtu. Nikiguswa nilikuwa nabadilisha kitenge na kunawa upya, huku mume wangu akijifanya hajaona. Tuliishi hivyo, mbwa na mimi, kila mmoja na upande wake, miaka yote ya ndoa. Kengele ya mti niliitundika jikoni juu ya kopo la chumvi, ili akianza kujisifu niwe na kitu cha kumwonyesha.

Vita viliisha kwa namna yake, na pikipiki zikaja. Mume wangu aliegesha baiskeli. Kisha malaria moja mbaya ikampata, akapewa dawa ya kinini kwa wingi. Uhai ukabaki, masikio yakaenda. Hakulalamika. Alisema afadhali, maneno yangu amekwisha kuyasikia yote.

Njia ya reli hakuiacha. Kila alfajiri baada ya swala alitoka na mbwa wake, wakatembea hadi kilimani kwenye kijito, akakaa juu ya reli akingoja. Baiskeli bado zinapita pale, na makaa, ndizi, bidoni, yaani madumu, za mawese. Ikija moja inayopanda, anasimama, anaweka mkono kwenye gunia, anasukuma mpaka juu, anashuka tena. Vijana wengine walitaka kumpa ndizi. Akawa anakasirika.

Niliwahi kumwuliza kwa ishara anapata nini kule. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mulima iko pale," alisema.

Kisha kijana mmoja akashuka na magunia ya makaa. Breki zake zilikuwa soli za kandambili, kama za wote. Aliona mzee na mbwa katikati ya njia akaita, "Papa, njia! Papa!" Aliita mpaka akafika. Mbwa aliruka pembeni. Mume wangu hakuruka.

Kijana mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani, amemkalisha kwenye baiskeli, makaa ameyatupa kule kule, analia. Nilikuwa nimeandaa matusi, nikashindwa hata kuanza. Mkono ulikuwa umevunjika na uso umechunika. Usiku ule watoto wetu walikusanyika, na mkubwa, ambaye anaendesha pikipiki na anadhani amezijua barabara zote za dunia, akasema: "Papa asitoke tena peke yake. Siku ingine tutamuleta mu blanketi."

Hakuna aliyepinga. Mimi sikupinga. Nataka niseme wazi kwamba mimi ndiye niliyeogopa kuliko wote, na nilifurahi kwamba mwingine ndiye aliyesema.

Mkono ulipona. Yeye hakupona. Alikaa kwenye kiti akitazama ukuta wa jirani. Hakunichokoza, hakuwasimulia wajukuu jinsi alivyonigonga, na chakula alikigusa kidogo ili nisiudhike. Mbwa alilala langoni akiwa ameelekeza pua upande wa reli. Nilizoea mume msumbufu; huyu mtulivu sikumjua. Niliona wazi kwamba tumemlinda asifie njiani, naye ameanza kufa kwenye kiti.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni natafuta chumvi ya sombe, mkono ukagusa ile kengele, ikalia. Nilisimama pale mpaka sufuria ikafurika. Kisha niliishusha, nikaipangusa masizi, nikatafuta kamba ya katani na kwenda langoni kwa mbwa.

Sikuwahi kumgusa mbwa kwa hiari yangu. Huyu alinitazama akidhani nimekuja kumfukuza. Nikachuchumaa, nikamfunga kengele shingoni, nikarudia fundo mpaka likashika. Akanilamba vidole. Nilinawa baadaye, nilinawa vizuri. Lakini wakati ule nilimwacha alambe.

Kabla sijamwambia mtu yeyote nyumbani, nilikwenda kilimani asubuhi kadhaa nikasimama njiani, na kila mwenye baiskeli nilimsimamisha.

"Mukisikia kengele ya mbwa, njo muzee wangu iko mbele. Hasikie. Mumupishe."

"Mama," mmoja aliniuliza, "sisi wa mizigo tupishe mbwa?"

"Ndiyo. Mupishe mbwa."

Walicheka. Nilijua watacheka, mimi pia nilicheka zamani. Lakini wengi walikwishasukumwa na yule mzee kwenye mlima ule, na hao waliacha kucheka upesi. Yule kijana wa makaa alikuwa amesimama pembeni, akasema atawaambia na wengine.

Mtoto wetu mkubwa alikasirika. Nikamwambia kwamba baba yake alikuwa mume wangu kabla hajawa baba yake, akaondoka na pikipiki yake kwa kelele.

Siku ya kwanza niliwafuata kwa nyuma, nimejificha kwenye majani kwa aibu. Mume wangu alitembea katikati ya njia, mkono mmoja nyuma, na mbwa mbele yake akilia kok-kok-kok. Nyuma ikaja baiskeli ya bidoni. Mwenye baiskeli alitega sikio, akafunga breki, akashuka, akaiingiza baiskeli na bidoni zake zote kwenye nyasi na kupita taratibu kwa pembeni. Alipompita aliinua mkono, na mume wangu akamrudishia kwa heshima kubwa. Nilikaa chini pale pale nikalia, na baada ya kulia nikaenda nyumbani kupika wali.

Bila shaka yeye ana maelezo yake. Anawaambia watu kwamba wanampisha kwa sababu wamesikia habari za safari zake za Lubutu. Sijamrekebisha. Ila kila alfajiri, kabla hajatoka, huinama akaitikisa kengele shingoni mwa mbwa kwa vidole na kuniangalia.

"Iko inalia?"

Nami namwitikia kwa kichwa.

Juma lililopita nilikuwa natoka kijitoni na beseni la mihogo iliyolowekwa, nzito, maji yakinichuruzika shingoni. Nilikuwa katikati ya kilima niliposikia kengele kwenye kona ya juu. Nilikuwa na mzigo, nao hawakuwa nao. Nilikuwa napanda, nao wanashuka. Adabu yote ya njia ilikuwa upande wangu, na mimi si mtu wa kuachia haki yake bure. Nikaingia kwenye majani yenye umande, nikasimama.

Mbwa akapita. Mume wangu alifika, akaniona nilipo, akacheka mpaka akashika magoti.

"Ee, mama! Leo njo unapisha mbwa?"

"Pita, baba," nikasema.

Hakupita. Alinirudisha njiani, akazunguka nyuma yangu, akaweka mkono mgongoni mwangu chini ya beseni, akaanza kunisukuma. Alinisukuma mpaka juu kabisa, anahema, na kengele inakuja nyuma yetu. Nikasema asante bila kugeuka. Nikakumbuka kwamba hasikii, nikasema tena.