Eti "selon" ni postnom ya Matayo

Admin, ficha jina langu na kanisa usilitaje hata kidogo, maana Goma ni ndogo na midomo ni mikubwa. Mimi ni musichana wa miaka ishirini na saba, Mukatoliki wa Butembo. Nilisoma historia hapa Goma, sasa nauzisha vitenge Birere. Nina mchumba, anafundishaka Kifaransa kwenye sekondari moja ya Katindo. Baba yake ni pasta wa kanisa ya uamsho, na huyo pasta anataka kuvunja ndoa yetu juu ya neno moja tu la Kifaransa.

Alinialika kwake, wazee wa kanisa wamejaa sebuleni, eti wanione kabla ya ndoa. Tulianza kula fufu na sombe vizuri. Kisha muzee pasta akaanza kunifundisha dini kama mutoto. "Ninyi Wakatoliki mulijiongezea vitabu. Sisi tuna Biblia yenyewe. Matayo alikaa karibu na Yesu, akaandika kila neno kwa mukono wake!" Mimi nakula. Akanigeukia: "Uliza, binti yangu, usiogope."

Basi alijitafutia. Nikamwambia, "Papa Pasta, kama aliandika yeye mwenyewe, juu ya nini Biblia ya Kifaransa inasema Injili 'selon Matthieu'?" Selon, kwa wasiojua, maana yake ni "kufuatana na", ndiyo kusema hivyo ndivyo inasemekana alivyohadithia. Nikaendelea kwa heshima zote. Kwamba wataalamu wengi wanasema vitabu vile mwanzoni havikuwa na jina la mwandishi, majina yalibandikwa na watu wa nyuma. Kwamba viliandikwa kwa Kigiriki, miaka mingi baada ya Yesu, na wale wavuvi wake walizungumza Kiaramu. Kwamba ndani ya kitabu chenyewe Yesu anapita, anaona mutu anayeitwa Matayo. Nani anajihadithia vile?

Muzee akapangusa mdomo, hakutikisika. "Selon," akasema, "ni postnom yake."

Postnom! Lile jina la katikati ambalo sisi Wakongo tunaandikishwa shuleni na kwenye karte ya kitambulisho! Na wazee wote wakaitikia "Amina!" kwa sauti moja. Basi Marko naye ni Selon, Luka Selon, Yohana Selon, wote wa tumbo moja, Mama Selon aliwazaa akawapa kalamu! Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka maji yakanitokea puani. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikamtazama mchumba wangu, mwalimu wa Kifaransa mzima, anayepigaka watoto alama nyekundu kwa makosa madogo kuliko hilo. Alikuwa anaangalia fufu yake.

Hukumu ikatoka palepale. Jumapili nipige magoti mbele ya kanisa, niseme roho ya uongo ilinishika. Nikikataa, hakuna ndoa.

Msinielewe vibaya, misa naenda na Yesu simchukii. Ninayemdharau ni mutu asiyejua kitu, anayeona haya kusema "sijui", halafu anafunika ujinga wake na Amina ya watu. Mutu kama huyo ndiye anasimamia roho za watu!

Jana mchumba akaja kwenye meza yangu ya vitenge.

"Chérie, piga magoti tu, dakika mbili, yaishe."

"Wewe unajua selon ni nini?"

"Najua. Lakini papa ni papa."

Nikamwambia sitasema uongo. Akacheka kidogo, akasogea karibu. Mujue kila Jumapili mgeni akihubiri kwa Kifaransa, yeye ndiye mutafsiri pale kanisani. "Nimeshapata njia," akasema. "Wewe sema kwa Kifaransa chochote unachotaka, hata umukosoe papa. Wale hawasikii Kifaransa. Mimi nitageuza kwa Kiswahili, watasikia unaomba musamaha."

Alikuwa anafurahi, kama ameniletea zawadi! Ni ile ile selon: mutu anasema yake, mwingine anaandika ingine, halafu wanaita ni maneno ya yule wa kwanza. Nilikuwa nacheka wazee wa sebuleni, kumbe mwenye akili zote ndiye mbaya kuliko wao. Wao angalau wanaamini.

Na nampenda, hiyo ndiyo aibu yangu. Ni mupole, hajawahi kunipandishia sauti. Mama yangu ameshatangaza ndoa Butembo yote. Lakini naogopa nitaishi naye mpaka uzee, mimi nikisema, na yeye akiwaambia watu nilichosema.

Jumapili ni kesho kutwa. Ndugu zangu wa ukurasa huu, nipige magoti ao nimuache? Semeni wazi. Ila musiniambie nisali, hiyo nitafanya mwenyewe, bila mutafsiri.