Kidole cha Mama na Bati la Kinole

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Siku ile yule bwana wa dirishani, katika duka la kutuma fedha kule Maskati, aliponiambia kwa upole kabisa kwamba hela imerudi kwa sababu jina halilingani, na makato ndiyo hayarudi, nilimtolea maneno ya Kiswahili ambayo mama angeyasikia angenizaba kofi la mdomo. Akatabasamu. Akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Pole dada. Waulize nyumbani, hiyo laini ni ya nani?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ukiwa Maskati ukataka kutukana kwa Kiswahili, tazama kwanza nani yuko karibu.

Nilikuwa mfuaji katika hoteli moja kubwa, chumba cha chini, mashine zinanguruma kutwa na mashuka hayaishi. Nilikwenda kule kwa sababu moja tu, nyumba ya mama. Mama yangu anaishi Kinole, juu kwenye milima ya Uluguru, analima ndizi, mdalasini na pilipili manga kwenye ardhi ya ukoo wake. Maisha yake yote amelala chini ya nyasi zinazovuja. Mwaka ule alikuwa amefyatua tofali, amezichoma, na kuta zimesimama, ila saruji ilimshinda bei, akajengea udongo. Mtu wa Uluguru akisikia hivyo anatikisa kichwa. Masika yakizikuta kuta kama hizo hazina bati, ule udongo unalainika, tofali zinaachana, na jasho lako lote linateremka bondeni na maji. Alikuwa amezifunika kwa majani ya migomba na turubai la kuazima, huku akitazama mawingu kila asubuhi. Hela ya bati ilitakiwa ifike kabla ya mvua.

Mwanzoni nilituma kwa mkono. Kuna dada alikuwa anarudi Dar, nikamkabidhi, tukaapizana na kukumbatiana. Hiyo hela ilifika Dar ikaugua, ikafiwa, ikapata kila shida ya dunia, Kinole haikufika. Nikahamia kwenye dirisha kubwa lenye taa za rangi. Pale hela ilifika, ila aliyetakiwa kuipokea alikuwa mjomba, kaka yake mama, kwa sababu ni yeye aliyekuwa anashuka mpaka Morogoro mjini na kitambulisho chake kuichukua. Na mjomba akitoka Kinole hadi mjini ana nauli ya kwenda, ana nauli ya kurudi, ana chakula, ana soda, na akikutana na rafiki pale sokoni basi ana soda ya rafiki. Simwiti mwizi. Safari ni safari. Lakini dirisha limekata, safari imekata, na mama anapokea kilichobaki huku ananishukuru kwa sauti ya furaha. Heri angelalamika. Shukrani zake zilikuwa zinanichoma.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa kazi, mwanamke wa Kihonda, Morogoro mjini, mcheshi, mwenye ulimi kama wembe. Aliniona nimenuna nimeshika risiti, akaichukua, akaisoma, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka la mgeni. "Shoga, wewe unatuma kizamani! Unawajengea hawa, mama yako unamjengea lini?" Nilikasirika, kama kawaida yangu. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, akanitembeza duka kwa duka kwenye jua la kule, na kila dirisha tuliuliza swali moja: nikitoa hii hapa, mama akishuka Mkuyuni, chini ya Kinole, anapata ngapi mkononi? Hapo ndipo nilipoelewa mchezo wao. Lile duka lililoandika kwamba kutuma ni bure ndilo lililokuwa linanyonya kuliko yote, kwa sababu lilikuwa linabadilisha riyali kwa kiwango chake lenyewe cha ajabu. Kuna kaduka kamejificha nyuma ya stendi, hakana taa wala kiyoyozi cha maana, kenyewe kakikutoza unaona, na kiwango chake ni cha haki, na kanatuma moja kwa moja kwenye simu ya mtu. Makato yalikuwa yale yale, utume kidogo utume nyingi.

"Sasa kwa nini tunatuma vidogo vidogo kila mwezi kama tunalisha kuku?" akauliza yule wa Kihonda. Tukatazamana. Jibu tulikuwa tunalijua tangu utotoni, mama zetu wote wamelicheza. Tukawakusanya wanawake wa Moro tuliokuwa tunafahamiana pale, tukaanzisha upatu. Kila mwezi tunachanga, mmoja anachukua zote, anatuma mara moja, anakatwa mara moja. Kura ilipopigwa mimi nikaangukia karibu na mwisho, masika yakiwa yameshapita. Nikakunja sura. Yule wa Kihonda, ambaye zamu yake ilikuwa ya kwanza, akanisukumia karatasi yake. "Chukua. Kwetu Kihonda ni tambarare kavu, mvua tunaisikia kwenye redio." Nililia palepale, hadharani, na wala sikuona aibu.

Basi hizo ndizo hela zilizorudi. Nilikuwa nimeandika jina kamili la mama na namba ya simu anayotumia kila siku, na mashine ikakataa. Nilitoka pale nikampigia mjomba, moto unawaka kifuani. Lakini kwetu, hata kama umekusudia kumla mtu nyama, unaanza na shikamoo. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama! Hujambo? Kazi? Baridi ya huko?" Huko hakuna baridi, nikamwambia. Akauliza chakula, akauliza afya, akauliza kama nasali. Mpaka alipomaliza, hasira yangu ilikuwa imebaki nusu. Nikamuuliza laini ya mama ni ya nani.

"Yangu," akasema, bila hata kusita. "Siku ya kusajili mama yako alikuwa shamba, nikaweka kidole changu mimi. Kuna ubaya?"

Na kwake kweli hakukuwa na ubaya. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na katika ukoo huo kaka yake mama ndiye mwenye sauti. Kuoa, kuzika, kugawa ardhi, mjomba. Kwa nini isiwe hivyo na kwenye laini ya simu? Namba ya siri alikuwa anaijua yeye, mama alikuwa anapokea simu na kubipu tu. Nilifungua mdomo nimwambie yaliyonijaa, halafu nikaona kuta za mama zimesimama kule peke yake. Nikamwambia, "Mjomba, nyumba ile inahitaji mwanaume wa kusimama na fundi, kuchagua mbao za kenchi za paa, kuhesabu bati. Mama hela ataipokea mwenyewe, ila bila wewe fundi atatuibia." Kisha nikasikia anakohoa kile kikohozi cha mtu aliyepewa cheo. "Kesho asubuhi nampeleka Mkuyuni akasajili laini yake," akasema.

Wakaenda. Mama akaweka kidole gumba kwenye mashine, ikakataa. Kidole cha shahada, ikakataa. Miaka ya kukwangua magome ya mdalasini na kushika jembe ilikuwa imemlainisha vidole vikawa havina mstari hata mmoja. Wakala, mwanamke mmoja mvumilivu, akamwosha mikono kwa sabuni, akampaka mafuta ya nazi, akamfuta, wakajaribu tena. Ikakataa. Mama akabipu, nikapiga. "Mwanangu, wanasema sina alama. Vidole vimeisha." Alisema kwa utani, lakini nilimsikia sauti inavyotetemeka, na nyuma yake mjomba anamwambia wakala kwa ukali, "Jaribu vyote, huyu ni mtu, si gogo!"

Nikasimama pale nje ya kaduka, yule wa Kihonda kando yangu, simu sikioni, jua linanipiga utosini. Kisha nikasikia kelele, mjomba anacheka, wakala anacheka. Kilichokubali ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto. "Hicho," mama akasema, "hakijawahi kufanya kazi ya maana tangu kizaliwe. Leo kimejitetea."

Nikarudi kwa yule bwana, nikamwomba radhi kwanza, halafu nikatuma. Sijamaliza kukunja risiti, simu ikaita kidogo na kukatika. Mama amebipu. Imefika! Nilimkumbatia yule wa Kihonda tukazunguka barabarani kama wendawazimu, watu wanatupisha.

Mjomba alisimamia ule ujenzi kama anajenga ikulu. Alimrudisha fundi juu ya kenchi kwa msumari uliopinda. Mbao zilizokuwa na fundo alizikataa, na aliyezileta akazibeba kichwani kurudi nazo. Nilikuwa naletewa habari zote, na kila jioni nilikuwa naulizia mawingu.

Siku masika yalipoingia nilikuwa kazini, nimekumbatia mashuka ya moto yaliyotoka kwenye mashine. Simu ikaita. Nikangoja ikatike, nimpigie. Haikukatika. Ikaendelea kuita. Nikashtuka, maana mama hajawahi kunipigia, mama anabipu. Nikapokea, na kilichonijia sikioni ni mngurumo tu, mkubwa kuliko mashine zote za kile chumba. Mvua, juu ya bati.

"Mama! Kata nikupigie, utamaliza hela!"

"Sikati!" alikuwa anapiga kelele ili aishinde ile mvua. "Nimeweka salio mwenyewe! Laini yangu, kidole changu, hela yangu! Nyamaza usikilize!"

Nikapiga kigelegele kimoja mpaka msimamizi akatoka ofisini kwake. Kisha nikanyamaza, nikasikiliza, mpaka salio la mama lilipoisha.