Banda la Kukamulia, Jumapili Alasiri

Jumapili iliyopita mchungaji kijana alishika maikrofoni akatuambia, "Sasa tunyamaze mbele za Bwana." Nikafumba macho. Nilikuwa nimeyangojea maneno hayo miaka mingi, rafiki yangu. Tangu nistaafu uuguzi nikahamia kwa mwanangu huku Elgon View, Jumapili zangu zimekuwa za spika tu, moja ikishindana na nyingine. Lakini wapi! Kijana wa kinanda hakunyamaza. Aliendelea kubonyeza polepole, ting, ting, kana kwamba kimya kikiachwa peke yake kitamuuma mtu. Mchungaji naye akaanza kuongea juu ya kinanda, kina mama wakaanza kulia juu ya mchungaji, ikawa soko. Niliudhika kabisa. Nikachukua mkoba wangu nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya kanisa.

Kwenda nyuma nilikuwa na sababu. Siku hiyo mwanangu alikuwa amenipeleka kusali shambani kwetu kwa zamani, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Nakuru. Kanisa lile la mawe limejengwa mahali palipokuwa na banda la kukamulia ng'ombe, na katika banda hilo mimi na nyanya yangu tulikuwa tukikaa kila Jumapili. Nimesema kukaa. Nitakueleza maana yake, usinikimbize.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Wazungu walikuwa wanauza mashamba yao, na watu wa kwetu, kule chini karibu na ziwa, wakachanga wakanunua shamba moja kubwa kwa pamoja. Baba alifanya kazi ya reli mjini, Sisibo kama wazee walivyopaita, akija kutuona mwisho wa mwezi akipata nafasi. Alituleta mimi na nyanya tushike sehemu yetu, maana sehemu isiyofuka moshi haikawii kupata mwenyewe mwingine. Mama alibaki ziwani na wadogo zangu kwa sababu hiyo hiyo, boma la zamani nalo lisizimike moto. Basi tukagawanywa kama viazi, debe moja huku, debe moja kule. Hakuna aliyeniuliza nilitaka kuwa katika debe gani.

Na baridi! Nilitoka mahali tulipolala milango wazi kwa joto, nikaletwa mahali ambapo asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na vidole vilikataa kufunga kifungo. Upepo ulitoka upande wa Timboroa ukapita kwenye mikaratusi ukilia, nami nikapita chini yake na ndoo yangu nikilia pia, ingawa nilijipangusa kabla sijafika nyumbani. Nyanya alinipikia uji wa wimbi na viazi vya kuchoma majivuni. Maziwa yalikuwa mengi mpaka nikayachukia. Nilitaka samaki. Nilitaka mama yangu. Majirani walikuwa mbali mbali na watoto wa rika langu hawakuwepo, kwa hivyo niliongea na ndama, na ndama si mtu wa maneno mengi.

Sasa hilo banda. Mzungu alikuwa ametuachia ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, na wakati ule walikuwa bado wa watu wote. Banda lilikuwa na paa la mabati, sakafu ya saruji, nguzo za kufungia, na mfereji uliokatwa sakafuni kuondoa maji na mavi. Ndiyo nyumba pekee iliyotutosha sote. Asubuhi ya Jumapili tuliiosha, alasiri tukaingia. Wazee walikalia magogo, mimi nilitandika gunia ukingoni mwa mfereji nikaning'iniza miguu.

Kwetu hapakuwa na mahubiri. Tuliimba, mzee wa kanisa akaomba kwa sauti, halafu akasema, "Basi, tukae." Hapo kila mtu aliomba lake moyoni kisha akafunga mdomo akasikiliza. Aliyepewa neno alisimama, akalisema, akaketi. Siku ambayo hakuna aliyepewa, tulisalimiana tukaenda zetu. Nyanya ndiye aliyenifundisha. "Sema lako moja, halafu nyamaza," aliniambia. "Nani atakujibu nawe bado unapayuka?"

Ila tulifanya kosa moja, na sijui kama kuna watu wengine wangelifanya. Kule ziwani tulikuwa tukikutana saa tisa, jua likishapoa. Tulipohamia, saa tuliibeba hivyo hivyo pamoja na sufuria na magodoro. Kumbe huku saa tisa ni saa ya ng'ombe! Jumapili ya kwanza tukiwa kimya kabisa, mlango ukasukumwa, akaingia Dezi, ng'ombe mkubwa mwenye doa jeupe usoni, wenzake nyuma yake. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo yake akasimama kati ya wazee wawili, akitafuta mikono ya kumkamua. Mama mmoja alipiga yowe. Mzee wa kanisa hata macho hakufungua. "Mwacheni," akasema. "Hapa ni pake kabla yetu."

Ikawa hivyo Jumapili zote. Tuliomba huku tukipumuliwa shingoni na pumzi ya nyasi, na viwele vilivyojaa vikidondosha maziwa kwenye saruji, ta, ta, ta. Kubadilisha saa lilikuwa jambo dogo tu, lakini nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka kwamba saa ya nyumbani haifai huku.

Ombi langu unalijua. Mungu, mlete mama. Nililisema, nikanyamaza, nikasikiliza mpaka masikio yakauma. Nilisikia mabati yakitanuka kwa jua. Nilisikia tumbo la mzee mmoja. Mungu sikumsikia.

Hilo lisingenitisha sana, mimi nilikuwa mtoto tu. Kilichonitisha ni nyanya. Kule ziwani nyanya ndiye aliyepewa maneno kuliko wote. Akisimama, hata watoto wachanga walitulia, na neno lake lilitembea vijijini wiki nzima. Huku shambani alikuwa hajasimama hata mara moja. Watu walikuwa wakimtazama kwa pembe za macho, wakingoja, naye ametulia na leso yake mapajani. Siku moja mama jirani, mwanamke mcheshi aliyekuwa akitupitia tuende pamoja, akasema njiani, "Labda Mungu hajui tulihama." Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Maneno yale yaliniingia kama mwiba. Niliona ombi langu likifika kila Jumapili kwenye kanisa letu la zamani, halina mtu wa kulipokea.

Nilijaribu kuuliza. Kwenye kituo cha maduka kulikuwa na mwenye duka, Msomali, aliyekuwa akituacha na chumvi yetu mezani ili akatandike mkeka wake nyuma ya duka aswali. Nyanya alikuwa akinifinya ninyamaze mpaka amalize. Siku moja nikamwuliza kama Mungu alimfuata kutoka kwao kaskazini. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama mdogo, yeye alitangulia! Mimi ndiye nilimfuata, na ngamia." Nilimwamini kidogo tu. Yeye alikuja na ngamia, sisi tulikuja kwa lori.

Kwa hivyo nikaamua. Siku nyanya atakaposimama, hapo nitajua Mungu amefika, na mama atakuja. Nikaacha hata kufumba macho. Kila Jumapili nilitazama magoti ya nyanya.

Ilikuwa msimu wa mvua. Siku hiyo ilinyesha wakati wa nyimbo, ikapiga mabati mpaka hatukusikiana, kisha ikakatika mara moja. Mzee akasema, "Basi, tukae." Tukakaa. Dezi akaingia akiwa amelowa, akitoa mvuke. Na magoti ya nyanya yakasogea. Akashika nguzo, akasimama.

Moyo wangu! Nilikaribia kupiga makofi. Nilimwona mama tayari, kikapu kichwani, akishuka kwenye lori. Kila mtu aliinua uso. Nyanya akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuitia kuku:

"Sijasikia kitu. Tangu tuje huku sijasikia kitu. Nimekuwa nikikaa tu."

Akabaki amesimama. Mimi nilihisi baridi ikinipanda kutoka mferejini mpaka kifuani. Basi imekwisha, nikawaza, hayuko. Hata nyanya hakumpata.

Halafu mzee wa kanisa, bado macho yamefungwa, akasema, "Hata mimi."

Mama jirani akafunika uso kwa kanga. "Hata mimi," akasema, na huyo ni mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno bila kicheko ndani yake. Mwanamume mmoja karibu na mlango, aliyekuwa ameanza kufunga mizigo ili arudi ziwani, akasema, "Hata mimi, ndugu zangu." Likazunguka banda zima, mmoja mmoja, wengine kwa kunong'ona, mpaka likanifikia mimi ukingoni mwa mfereji. Watoto hawakuwa na ruhusa ya kusema. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, nyembamba, ikisema, "Hata mimi."

Nyanya aligeuka akanitazama. Akaja akaketi pale chini nilipokaa, kwenye gunia, yeye na magoti yake mabaya, akaninyooshea leso nipanguse pua. Na tukakaa tena.

Rafiki yangu, sitajua kukueleza kimya kilichofuata. Mimi nilifanya kazi ya kukesha na wagonjwa, najua vimya vingi, vya kuogopesha na vya kuchosha. Kile hakikuwa hivyo. Maziwa yalidondoka, ta, ta. Dezi alipumua. Kulikuwa na mtu pale ndani zaidi yetu. Nasema mtu kwa sababu sina neno jingine. Sikusikia sauti na sikuahidiwa chochote, lakini kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye lile lori sikuwa peke yangu, na nilijua kwamba wote mle ndani wanajua. Hakuna aliyetaka kuinuka. Mwishowe ng'ombe wenyewe ndio waliolalamika.

Njiani nilimwuliza nyanya kwa nini alisimama na hakupewa neno. "Nilichoka kutazamwa kama mtu anayesikia," akajibu. "Sasa okota kuni, giza linaingia, au unangoja malaika akuokotee?"

Na mama? Mama hakuja kuishi nasi. Nisikudanganye. Alikuja msimu wa mavuno na kikapu cha samaki wakavu, akakaa siku chache, akarudi kwenye moto wake. Nilipokuwa msichana mkubwa tulisalimiana kama wageni, kila mmoja akitafuta la kusema, na jambo hilo liliniuma na linaniuma hata leo. Yeye amezikwa ziwani, nyanya amezikwa huku. Wote wawili waliulinda moto wao vizuri.

Shamba liligawanywa, ng'ombe wakauzwa. Mzee wa kanisa alituacha zamani. Mama jirani alihama mwaka ule wa kuchomeana nyumba, mwaka ambao sipendi kuutaja, na sikupata tena habari zake. Saa ya ibada nayo ilibadilishwa siku nyingi, ikawa asubuhi, inafaa zaidi.

Nyuma ya kanisa Jumapili iliyopita niliupata mfereji. Wamebakiza kipande kama urefu wa kitanda, kimejaa magugu na chupa za soda. Nilitandika leso yangu nikaketi, miguu ikafika chini mara hii. Kinanda kilikuwa kinapenya ukutani. Nikasema langu moja, nikanyamaza, nikasikiliza muda mrefu mpaka mwanangu akaanza kunipigia simu, nikaizima.

Halafu nikasema kwa sauti, pale kwenye magugu, "Sijasikia kitu. Nimekaa tu."

Nikabaki nimeketi, mkono juu ya saruji baridi, nikingoja mtu mmoja tu aseme hata mimi.