Siku kaka yangu alipojirusha gengeni Lufingo kwa sababu ya mkanda wa video

Wakuu, heshima mbele. Wale wa kusema "chai", yaani nimetunga, niwawahi kabisa: kwetu Tukuyu chai iko shambani. Hii ni kweli tupu, niliiona kwa macho yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zimeanza kumiminika madukani. Jirani yetu mfanyabiashara akaleta TV na deki ya video kutoka Dar. Jumapili baada ya ibada anawasha jenereta, sebule inajaa mpaka watu wanachungulia dirishani.

Siku hiyo akaweka mkanda wa action. Majambazi wanaruka kutoka kwenye ndege, mpelelezi naye anawafuata, wanagombea parachuti moja huko huko hewani.

Kaka yangu Lugano aliangalia kasimama, mwanzo mwisho. Alikuwa kijana mtu mzima, mpakiaji wa ndizi kwenye malori, wala si mtu wa masihara.

Baada ya hapo akaanza kuokota miavuli mibovu. Wanaoijua mvua ya Rungwe wanajua, hiyo kwetu haikosekani. Nikadhani anauza vyuma chakavu.

Kumbe vitambaa anapeleka kwa fundi Saidi, mshonaji wa pale sokoni.

Asubuhi moja fundi akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Dada Tumpe, kaka yako aliniambia nimshonee turubai la kuanikia kahawa. Leo kaja kulichukua, kataka niongeze mikanda ya mabegani. Nimempa, kaondoka, ndio akili inanijia. Kahawa inavaliwa begani?"

Nikamuuliza kaelekea wapi.

"Lufingo."

Kule kuna genge, ukuta wa mwamba ulio wima juu ya mashamba ya chai, tangu utotoni tulikatazwa kulisogelea. Tulikimbia, fundi kanzu kaikunja kiunoni.

Tulipofika chini yake tukamwona juu, lile linguo jeusi limejaa upepo mgongoni.

"Lugano! Kaka, subiri!"

Akanipungia mkono. Wakuu, alidhani nimekuja kumshangilia!

Akaruka.

Niseme ukweli, kitambaa kilifunguka. Kwa kitambo kidogo alielea kabisa, na mimi moyoni nikasema, Mungu wangu, ameweza.

Kisha mshono mmoja ukaachia. Akazungushwa, akabamizwa kwenye mwamba, kamba zikanasa kwenye kisiki. Akabaki ananing'inia kichwa chini, na chini yake mawe matupu.

Akina mama waliokuwa wanachuma chai wakatupa vikapu. Tukapanda wote kwa njia ya pembeni hadi juu ya kile kisiki. Wakafungua vitenge walivyojifunga juu ya nguo, wakavisokota na kuviunga kwa mafundo. Udongo unaporomoka, kisiki kinacheza.

Nani ashuke?

Fundi Saidi akajifunga kiunoni. "Nishusheni mimi. Mshono ni wangu."

Tukamshusha. Nilisikia anasoma dua, halafu akapiga kelele: "Nimemshika, mikanda nimeikata kwa mkasi! Vuteni!"

Tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Walipofika juu, kisiki kikang'oka na kwenda chini pamoja na lile parachuti.

Lugano alivunjika mguu, mpaka leo anachechemea.

Alipoanza kutembea kwa magongo, mama yetu akamchukua mpaka kwa jirani. Mama alikuwa hajawahi kuangalia video maishani. Akasema, "Niwekee huo mkanda."

Akakaa sakafuni akatazama. Watu walipoanza kuruka kutoka kwenye ndege, akageuka.

"Hawa mama zao wako wapi?"

Lugano akainamisha kichwa, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu aanguke.

Nilichojifunza: ukiona mtu wako kanyamaza ghafla na ana shughuli asiyoieleza, muulize. Usione aibu.

Haya, mliokulia enzi za deki, kwenu mkanda gani uliwahi kumtoa mtu akili? Shusheni hapa, comments zote nasoma.