Kabuti Lililotoka Kabatini Mwangu

Jamani, hii ni aibu yangu mwenyewe, sikusukumwa na mtu wala shetani, na kama majirani wangenyamaza hata mimi ningenyamaza nikafa nayo, lakini hapa mtaani kwetu Kolwezi kila mtu ameongeza chumvi yake (wapo wanaosema eti nilizimia, sikuzimia), basi afadhali muisikie kwangu.

Mimi napenda mpangilio, na huo ndio ugonjwa wangu. Nyumba yetu ni zile za zamani za mgodi, ina korido na kabati la makoti lililojengwa ukutani, na kwa miaka kumi tulikuwa tunasukumia humo kila kitu kizito: makoti ya kazi ya mume wangu, jaketi za wageni waliosahau, sweta zilizowabana watoto, na juu ya yote lile vumbi letu linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Mwezi wa sita baridi ilipoanza kuuma, binti yangu Dorcas alivuta koti lake na mengine yote yakamwangukia kichwani. Nikasema leo ni leo.

Nikatoa kila kitu, nikapiga deki, nikagawa mafungu, na fungu la kutolewa nikalishindilia kwenye mfuko. Ndani ya fungu hilo lilikuwamo kabuti refu la kijivu, zito, lenye harufu ya tumbaku, bitana yake imechanika na nilishawahi kuishona mwenyewe kwa uzi wa buluu. Msinitetee, nilijua ni la nani. Lilikuwa la baba mkwe, mstaafu wa reli wa Mutshatsha, aliliacha kwetu alipokuja kutibiwa, akarudi kwao wakati wa joto, akafariki kabla baridi haijarudi. Nguo zake nyingine ziligawanywa kulekule msibani, nikajiambia hili limesahauliwa, na kwamba aliye kaburini hasikii baridi. Mume wangu alikuwa kazini na simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikumpigia, kwa sababu nilijua atasema liache hapo. Mfuko nikampa jirani yangu Mama Chantal, anayeuza mitumba sokoni, halafu nikalipiga picha kabati langu jipya na kuwatumia akina mama wa kanisani wajifunze.

Wiki mbili baadaye shangazi wa mume wangu akapiga simu. Huyu ni dada wa marehemu, na katika ukoo wao shangazi huitwa baba mwanamke, tena si kwa utani, kaka yake akishaondoka yeye ndiye mwenye neno. Akasema mwaka umetimia, anakuja Jumamosi na wazee wawili kuondoa matanga, na ukoo umekubaliana kuwa mume wangu ndiye atakayeshika jina la baba yake. Sasa kwa desturi yao anayeshika jina huvishwa nguo ya marehemu mbele ya watu, na bila nguo hiyo jina halipiti. Nguo nyingine walizigawa wakijua wanafanya nini. Waliacha moja, ile iliyokuwa salama kwangu.

"Mama Dorcas, ile kabuti ya kaka yangu, ungali unaichunga?"

"Iko mu armoire, shangazi."

Lilinitoka hivyo, eti limo kabatini, kama mtu anayejibu salamu. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni akasikia, akatabasamu, na tangu msiba sikuwa nimemwona akitabasamu namna ile. Akanishukuru kwa kulitunza. Pale ndipo ningesema, jamani, pale hasa, lakini niliinuka nikaenda jikoni kukoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Mama Chantal. Lilishauzwa, akasema, siku ileile, kwa motard mmoja, mwendesha pikipiki mwenye ndevu nyingi na kofia nyekundu, anayesimama stesheni ya gari-moshi. Kusikia hivyo nikapata moyo, halafu nikafika stesheni nikaupoteza, maana mnajua asubuhi za baridi hapa kwetu, hakuna mwendesha pikipiki asiyevaa koti zito, la kijivu, jeusi, mpaka la kike lenye manyoya. Mwenye ndevu hakuwapo. Wenzake wakaniambia siku hizi anapeleka watu Musonoi.

Ijumaa nikaenda Musonoi. Nilizunguka pale karibu na mashimo ya mgodi mpaka viatu vikabadilika rangi, nahesabu saa zilizobaki, na mara nikaona mbele yangu mgongo wa kijivu, kabuti refu, kofia nyekundu, pikipiki inaanza kuondoka. Sikuita. Nilikimbia nikalishika kabuti kwa nyuma kwa mikono miwili (mimi, mama wa watoto wanne, mwimbaji wa kwaya), pikipiki ikayumba, na sote wawili tukaenda chini juu ya makaa ya mama mmoja aliyekuwa ameyapanga vizuri kwa mafungu.

Watu wakajaa. Wachimbaji waliokuwa wanapita na mifuko yao wakasimama, mmoja akasema ni mwizi, mama amemshika mwizi, na mwingine akaokota jiwe. Nililiona lile jiwe. Yule motard alivua kofia, na hakuwa na hata udevu mmoja kidevuni.

"Mama," akaniuliza, "mi nimeiba nini?"

Nikafungua kabuti lake, bitana ilikuwa nzima, nyeusi, haina uzi wa buluu popote. Ikabidi nisimame mbele yao wote, uso umejaa makaa, nipaze sauti niseme huyu si mwizi, kosa ni langu, nimegawa kabuti la mkwe wangu marehemu na sasa nalitafuta. Yule wa jiwe akalitupa chini. Halafu wakacheka, na niliwaacha wacheke, kwa sababu dakika moja nyuma mtu angeumizwa kwa ajili ya kabati langu.

Mwenye akili angekwenda kwa mumewe akasema yote. Mimi nilipitia sokoni kwa Mama Chantal nikachukua kabuti jingine la kijivu, urefu uleule, nikaja nalo nyumbani, nikachana bitana, nikaishona kwa uzi wa buluu, nikalitundika juu ya mbabula, jiko letu la makaa, lipate moshi kwa kukosa tumbaku. Dorcas aliuliza kwa nini napika koti. Nikamfukuza. Kisha nikalitundika kabatini katikati, lenye nafasi yake, nikafunga mlango.

Jumamosi uani kulijaa ndugu, majirani na watu wa kanisani. Mimi nilikuwa nyuma jikoni nasonga bukari, ugali wetu, nikasikia shangazi amefika kutoka stesheni kwa pikipiki, nikasikia pia amekataa motard wake aondoke kabla hajala. Nikasema moyoni, baba mwanamke leo ana roho nzuri, huenda Mungu amenihurumia. Wazee wakasali, wakamtaja marehemu na wazazi wake, mume wangu akakalishwa kwenye mkeka katikati. Kisha nikaitwa.

"Mama Dorcas. Leta kabuti."

Kutoka kabatini mpaka uani ni hatua ishirini hivi, na kila hatua ningeweza kugeuka. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akageuza bitana akaupapasa uzi wangu wa buluu, akageuza kola akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni yenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Unasema hivyo mbele ya bantu bote?"

Mume wangu alinitazama. Jasho lilinishuka mgongoni na baridi ile.

"Ndiyo. Ni yenyewe."

Shangazi hakupandisha sauti. Aligeukia upande wa jikoni akasema, "Tata motard, kuja kidogo."

Akatoka mtu mwenye ndevu nyingi, kofia nyekundu kwapani, tonge la bukari bado mkononi, amevaa kabuti la baba mkwe.

"Toka ku gare ya treni mpaka hapa," akasema shangazi, "nilikuwa nakamata mugongo ya kaka yangu. Hii tundu ya ku kola ni sigara yake, mi mwenyewe njo nilizima moto. Nikasema, ngoja, nione muke ya mutoto wangu ataniletea nini."

Tundu la kola. Mwaka mzima nililiona kabuti lile kwa mbele tu, likiwa limetundikwa, hata nilipolishona nilitazama bitana tu, wala sikuwahi kukaa nyuma ya yule mzee. Nilipiga magoti. Sikuzimia, nawaambia tena, ningeomba kuzimia nisingepewa. Nikasema yote, kuanzia mfuko mpaka mbabula, na hakuna aliyenikatiza.

Yule motard alianza kulivua kabla hajaambiwa. "Mama, mi sikujua," akasema. "Baridi njo ilinisukuma kuinunua." Shangazi akachukua lile langu la uongo akamvisha yeye, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto wake, akamwambia moshi wake utatoka. Kisha akamvisha mume wangu lile la baba yake. Mikono ilimtosha sawasawa. Wakamwita kwa jina la mzee mara tatu, akaitika mara tatu, ya mwisho kwa kulia, vigelegele vikapanda, na mimi ningali nimepiga magoti kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniambia niinuke.

Jioni kabla hajaondoka, shangazi aliomba kuliona kabati. Nililifungua. Alitazama yale makoti, makubwa kwa madogo, yote yameelekea upande mmoja.

"Umepanga muzuri," akasema. "Siku mi nikikufa, bitu byangu usibipange."

Nimeapa, na si kiapo cha kuchekesha watu: ndani ya nyumba hii sitatoa hata soksi bila kumuuliza mwenyewe, na akiwa amekufa nitawauliza wafiwa wake. Mume wangu tulishapatana, hakunitukana, hakusema kwa ndugu zake neno baya juu yangu. Kila asubuhi ya baridi anavaa kabuti la baba yake kwenda kazini. Kila akirudi anapita nalo mbele ya kabati, anaingia chumbani, analitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe upande wake wa kitanda.

Kabatini nimeacha henga moja tupu, katikati. Ninaifuta vumbi kila Jumamosi.